Vijiti Saba

Kochi lilitoka kwa mlango wa mbele saa nne asubuhi, na saa tano kasorobo jiko likaingia kwa mlango huohuo. Wabebaji walikuwa walewale wawili. Walikwenda na kochi wakiimba, wakarudi na jiko wakiguna, kwa sababu lilikuwa la chuma kitupu, lenye miguu minne, mashimo mawili ya sufuria, mlango wa kuni wenye komeo, kidirisha kidogo cha hewa chini yake, na ndani limekandikwa udongo mnene kama ukuta wa nyumba.

"Kwa hiyo sasa wageni watakaa juu ya jiko," alisema Baba Pacha. Alikuwa amesimama sebuleni katikati ya alama nne za miguu ya kochi, kama mtu anayezuru kaburi.

"Wageni watakaa kwenye ndoo," alisema mkewe. "Kochi lilikuwa linakula nafasi tu. Hili litatulisha."

Mama Pacha hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amepata kazi ya kupika chakula cha mchana cha mafundi cherehani arobaini katika kiwanda kidogo nyuma ya soko, kuanzia Jumatatu ya wiki iliyofuata, kwa sharti moja. Mpishi aliyetangulia alikuwa amepikia mafiga ndani ya kibanda cha mbao, na siku moja akaunguza kibanda, chakula na nusu ya uzio wa kiwanda. Msimamizi hakutaka hayo yajirudie. "Nataka jiko lenye bomba la moshi," alimwambia. "Nitakuja Jumamosi saa saba kuliona na kuonja. Nisiporidhika, kuna mwanamke mwingine anasubiri." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano kochi likauzwa, kwa kuwa ndicho kitu pekee mle ndani ambacho mtu mwingine angekitamani.

Aliyelitengeneza jiko alikuwa mwanamke mfupi, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa alama ndogondogo za moto. Mtaa mzima ulimwita Cheche. Alipanda juu ya paa, akakata bati, akapunguza mbao za paa hadi kila moja ikawa mbali na bomba kwa urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Kisha akateremka, akaanza kuhamisha vitu bila kuomba ruhusa. Pazia la dirisha la jikoni alilivua. Dumu la mafuta ya taa alilitoa nje. Rundo la kuni alilisogeza hadi ukuta wa pili, na mahali pake akaweka ndoo ya mchanga.

"Sasa nisikilize," alimwambia Mama Pacha. "Udongo wa humu ndani unaonekana mkavu, lakini una maji tumboni. Ukiliwashia moto mkubwa leo, yale maji yatataka kutoka kwa pamoja, na mlango hayana. Yatapasua. Kwa hiyo leo hakuna moto. Kesho vijiti saba, vyembamba kama kidole changu hiki. Vikiisha, basi, usiongeze. Acha lipoe mpaka uweze kuligusa kwa shavu. Keshokutwa kumi na vinne. Jumamosi asubuhi ishirini na kimoja. Baada ya hapo pika hata ng'ombe."

"Nimeelewa."

"Rangi itanuka vibaya. Usishtuke, inaiva tu. Fungua madirisha, watoto wakae nje. Na likiwa la moto usilimwagie maji hata kama limekutukana. Chuma kitapinda, udongo utapasuka, mvuke utakubabua uso."

"Nimeelewa, fundi."

Na kweli alielewa, kila neno. Ila hakumweleza mtu mwingine yeyote nyumbani, kwa sababu hakuona kwa nini jambo lililokwisha kueleweka na mtu mmoja lipotezewe muda na watu wanne.

 

Alhamisi asubuhi Mama Pacha alihesabu vijiti saba, akavipanga, akaviwasha kwa kipande cha gazeti. Akavuta kigoda, akakaa kutazama. Vijiti vikashika, vikawaka kwa adabu. Jiko likaanza kunuka kama kiatu kinachoungua. Akafungua madirisha, akawatoa nje pacha wake, wasichana wa miaka sita waliokuwa wameziba pua kwa furaha kubwa.

Bibi, mama mzazi wa mumewe, alikuja kusimama mlangoni na bakuli la maharagwe aliyoyachambua tangu alfajiri.

"Niweke sufuria?"

"Bado, Mama."

"Lini?"

"Jumamosi."

Bibi akayatazama maharagwe, akalitazama jiko. "Na leo?"

"Leo tunapikia nje, kwenye mafiga, kama siku zote."

"Sasa huo moto ni wa nini?"

"Wa jiko, Mama."

Jibu likaishia hapo. Bibi akasubiri kidogo aone kama lina mkia, halikuwa nao, akatoka na maharagwe yake.

Upande wa pili wa ukuta wa uani aliishi jirani waliyempa jina la Redio, kwa kuwa habari zake zilianza asubuhi na hazikuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alikuwa na kreti la soda alilolisimamia kila alipohisi kuna jambo. Leo alihisi.

"Jirani! Naona moshi lakini sioni sufuria. Mnapika nini?"

"Tunapika jiko!" akajibu pacha mmoja.

"Mnapika jiko!" Redio akashika ukuta kwa mikono miwili asianguke. "Haya, likiiva mnionjeshe mguu!"

Kufikia saa sita mchana habari ilikuwa imemaliza mtaa. Bibi alipokwenda bombani kuchota maji, kijana wa mkokoteni alimuuliza kwa heshima zote kama jiko linatiwa chumvi mwanzo au mwisho. Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Bibi alirudi na ndoo nusu.

"Mimi nimelisha watoto watano na wajukuu kumi na mmoja," alisema, hamwambii mtu yeyote hasa. "Sijawahi hata siku moja kuulizwa kama mafiga yangu yanataka chumvi."

"Waache wacheke," alisema Mama Pacha, akiendelea kupima mchele kwa kikombe.

Jioni jua likiwa bado lipo, Baba Pacha, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi, alirudi mapema kutoka kwenye ukuta wa watu, akaamua kusaidia. Alifungua jiko, akaona majivu, akayakusanya kwa kijiko kikubwa akayatia kwenye ndoo ya plastiki ya bluu. Ile ndoo ndiyo iliyochukua nafasi ya kochi. Baada ya muda mfupi jikoni pakanuka harufu mpya, na ndoo ikawa na tundu kwenye kitako, ukubwa wa yai.

"Yalikuwa yamezimika!" alijitetea.

"Yalikuwa yamelala. Chini ya majivu mna makaa." Mama Pacha akamkabidhi kopo kuukuu la rangi, la bati, lenye kifuniko. "Majivu yanaingia humu. Unafunika, unaweka nje, mbali na ukuta. Na usiyakombe yote. Acha tabaka dogo chini."

"Ungeniambia mapema."

"Si nimekwambia sasa?"

Baba Pacha akaigeuza ndoo juu chini, akaikalia. Tundu likawa chini yake. Alisema upepo wake si mbaya.

 

Ijumaa asubuhi vijiti vilikuwa kumi na vinne. Viliwaka vizuri, harufu ikapungua. Mama Pacha alitakiwa kwenda dukani kuchukua mchele wa kilo ishirini na miiko mikubwa. Akiwa anatafuta kiatu cha pili, alisema bila kugeuka:

"Mama, usiliguse jiko."

"Sawa," alisema Bibi.

Kuna "sawa" za namna nyingi, na mtu yeyote aliyewahi kuishi na mama mkwe angeitambua hiyo. Lakini Mama Pacha alikuwa amekiona kiatu.

Alirudi baada ya saa moja na nusu, mchele kichwani, miiko mkononi. Alipokata kona tu akaona moshi juu ya paa lake, mnene, wa manjano, unatoka kwa haraka kama unaofukuzwa. Redio alikuwa juu ya kreti, na safari hii hakuwa anacheka.

"Jamani, moto! Moto kwa Mama Pacha!"

Mama Pacha aliutua mchele katikati ya njia, akakimbia.

Jikoni palikuwa na moshi wa kukata kwa kisu. Jiko lilikuwa linanguruma kama lori linalopanda mlima. Mlango wa kuni ulikuwa wazi, magogo ya kupikia uani yameshindiliwa humo mpaka mengine yametokeza nje, na sehemu ya chini ya bomba ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Mbele ya hayo yote alisimama Bibi, amenyanyua ndoo ya maji hadi usawa wa kifua.

"Mama! Weka ndoo chini!"

"Bomba linaungua!"

"Weka chini! Toka na watoto!"

Sauti hiyo Bibi hakuwahi kuisikia kwa mkwewe. Aliiweka ndoo chini, akawashika pacha mikono, akatoka. Mama Pacha akavaa glavu za ngozi alizoachiwa na Cheche, akayasukuma ndani kwa koleo magogo yaliyotokeza, akaufunga mlango kwa teke, akatia komeo. Kisha akasukuma kile kidirisha kidogo cha hewa hadi mwisho. Akasimama na ndoo ya mchanga miguuni, akisubiri.

Jiko liliendelea kunguruma. Halafu likanung'unika. Halafu likawa kama mtu anayebishana peke yake. Wekundu wa bomba ukarudi nyuma taratibu, ukawa weusi. Mama Pacha akapanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono kwenye mbao za paa. Zilikuwa na joto la mkate uliokwisha kupoa, si zaidi. Ule mkono mmoja wa nafasi ulikuwa umeinusuru nyumba. Alipokuwa bado juu ya kigoda akasikia ndani ya jiko sauti moja kavu: tak.

Aliijua maana yake bila kuambiwa.

Nje, Bibi alikuwa amekaa chini ukutani, masizi usoni, kitambaa cha kichwa kimeteleza sikioni. Mtu wa duka alikuwa ameuleta ule mchele mlangoni. Redio alikuwa kimya juu ya kreti lake, jambo ambalo lilimtisha kila mtu.

"Mama," alisema Mama Pacha. "Nilikukataza."

"Ulinikataza kama unavyomkataza mbuzi." Bibi alijifuta uso, masizi yakatapakaa zaidi. "Umeondoka, huyu hapa juu akaniuliza, 'Bibi, mkweo amekufukuza jikoni, kuna nini?' Nikakosa jibu. Unajua ni kitu gani kukosa jibu mbele ya huyu?"

"Mimi niliuliza tu," alisema Redio.

"Nyamaza, mwanangu. Nikasema basi, na mimi niwashe moto wa watu wazima, wauone, maneno yaishe."

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Mama Pacha alikuwa mtu mwenye jibu la kila kitu, na kwa kawaida jibu fupi. Safari hii akakaa chini karibu na mama mkwe wake, mgongo ukutani, akaanza kueleza: maji yaliyo tumboni mwa udongo, vijiti saba, kumi na vinne, ishirini na kimoja, rangi inayoiva, maji yanayopindisha chuma. Ilimchukua dakika tatu. Dakika tatu tu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Chungu," alisema.

"Nini?"

"Chungu kibichi. Ukikikimbiza motoni kinapasuka. Mimi nimefinyanga vyungu tangu sijaota meno ya ukubwani. Ungeniambia neno moja tu, 'Mama, hiki ni chungu kibichi,' ningekaa mlangoni na fimbo nimzuie hata Baba Pacha kukisalimia."

 

Jumamosi alfajiri jiko lilikuwa baridi. Mama Pacha aliingiza shavu, kisha tochi. Ufa ulikuwa upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini. Nje, rangi ilikuwa imebabuka kipande kikubwa kama kiganja. Alimpigia simu Cheche.

"Nipo kwenye geti la watu, siwezi kuja leo," alisema Cheche. "Ufa una upana gani? Kucha ikiingia, unazibika. Kidole kikiingia, niite nije tulie wote."

Bibi ndiye aliyeingiza mkono, kwa kuwa mikono yake ilikuwa myembamba. "Kucha," alitangaza kutoka ndani ya jiko. "Kucha tu."

"Basi," alisema Cheche simuni, "udongo mzuri uliochekechwa, mchanga laini, usiwe na maji mengi. Likauke siku nzima bila moto, kisha uanze upya, saba. Nani ataziba? Wewe hujui udongo."

"Nina mtu," alisema Mama Pacha.

Bibi alikuwa ameshafunga kitambaa upya na kwenda nyuma ya nyumba na chungio la unga. Alichekecha udongo mara mbili, akachanganya mchanga na majivu kidogo, akanyunyiza maji kwa vidole, akakanda mpaka ukawa unashikana bila kung'ang'ania mkono. Kwanza aliulowesha ufa kwa kitambaa. "Udongo mkavu unamnyonya mgeni," aliwaeleza wajukuu waliokuwa wamechuchumaa kila upande, "halafu mgeni anasinyaa, anadondoka." Akashindilia kwa kidole gumba, kidogo kidogo, akasawazisha kwa mgongo wa kijiko.

Saa nne Baba Pacha alimvuta mkewe pembeni. "Sikiliza. Yule bwana anakuja saa saba. Liwashe tu, moto wa kiasi. Ataona bomba, ataona moshi unatoka juu, ataonja, ataondoka. Jumatatu tutajua la kufanya."

Alikuwa amesema jambo ambalo Mama Pacha mwenyewe alilifikiria tangu alfajiri. Kazi ilikuwa mkononi, mtu mwingine alikuwa anasubiri, na kochi lilikuwa tayari sebuleni kwa watu. Akamtazama Bibi, nusu ya mwili imo ndani ya jiko, anaupapasa udongo wake.

"Hapana," alisema. "Tukiliwasha leo litabomoka, na safari ijayo sitakuwepo kukimbilia mlango. Tutapikia nje. Nitamwambia ukweli."

"Utamwambia vipi?"

"Kwa kirefu," alisema Mama Pacha, na mumewe akajua mambo yamebadilika.

 

Msimamizi alifika saa saba kamili, mtu mwembamba mwenye daftari mfukoni. Nyusi yake ya kulia haikuwa imeota sawasawa tangu siku kibanda kilipoungua. Alikaribishwa sebuleni, akapewa ndoo ya bluu. Aliitazama, akawatazama wenyeji, akakaa.

"Kochi letu liko jikoni," alisema Baba Pacha. "Limebadilika kidogo."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha akaleta sahani ya wali na maharagwe, akaiweka mbele ya mgeni, na kabla hajashika kijiko akamwambia.

"Hiki kimepikwa nje, kwenye mafiga. Jiko haliwezi kupika leo."

Kreti la soda lililia upande wa pili wa ukuta.

"Tulikubaliana Jumamosi," alisema Msimamizi.

"Tulikubaliana. Jana lilipata moto mkubwa kabla ya siku yake, likapasuka ndani. Tumeliziba, linakauka. Nikiliwasha sasa hivi utaona moshi mzuri sana, halafu wiki ijayo litabomoka na mafundi wako arobaini wameshika sahani tupu."

"Nani aliliwasha?"

"Kosa ni langu. Sikueleza..."

"Niliwasha mimi, baba," alisema Bibi kutoka mlangoni. Alikuwa na udongo hadi viwikoni. "Kwa hasira. Sasa inuka nikuonyeshe, maana ukikaa hapo kwenye ndoo hutaelewa."

Msimamizi akainuka. Bibi alimchutamisha mbele ya jiko, akamshika kichwa kwa nyuma kama mtoto anayenyolewa, akamwingiza mlangoni. Alimweleza chungu kibichi. Alimweleza ufa, kucha, mchanga na majivu. Alimweleza vijiti, akamlazimisha avihesabu vya kesho, vilivyokwisha kufungwa kwa uzi: saba.

"Moto ukizidi unafanya nini?" aliuliza Msimamizi, sauti yake inatokea ndani ya chuma.

"Nafunga mlango, nafunga na hiki kidirisha cha hewa. Unakosa pumzi, unatulia. Sikimbilii maji. Jana nilikimbilia maji, nikapigiwa kelele kama mwizi wa kuku."

"Mchanga?"

Pacha wote wawili wakanyoosha vidole kwenye ndoo ya mchanga, kila mmoja akidai alikuwa wa kwanza.

"Majivu?"

Baba Pacha akaleta kopo la bati, akafungua kifuniko, akafunga, kama muuzaji dukani.

Msimamizi akarudi sebuleni, akaandika, akataka kukaa. Hapo ndipo akaona. Akatia kidole. "Na hili tundu?"

Wote wakamtazama Baba Pacha.

"Alhamisi," alisema Baba Pacha hatimaye. "Niliona yamezimika."

"Yalikuwa yamelala," alisema pacha mmoja.

Msimamizi akaandika na hilo. Kisha akakaa, akala. Alimaliza sahani ya kwanza, akaomba ya pili. Alipomaliza, akafunga daftari, akasugua ile nyusi.

"Yule mpishi wangu wa kwanza nilimuuliza maswali haya haya," alisema. "Kila swali alinijibu, 'Hamna shida, bosi.' Miezi mitano hakuwa na shida hata moja. Nyie kwa siku tatu mna ufa, mna rangi imebabuka, mna ndoo imetoboka." Akasimama. "Jumatatu na Jumanne nitawanunulia watu wangu mikate na chai. Watanilaani. Jumatano, saa saba kamili, chakula kiwe mezani. Ikifika saa saba na robo, namwita yule mwingine."

"Saa saba kamili," alisema Mama Pacha.

"Na sharti jipya. Wewe unapika. Kuni anatia huyu mama."

Bibi alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Halafu akatoka uani, akasimama chini ya ukuta, akasema juu kidogo kuliko ilivyohitajika: "Jirani! Umesikia vizuri, au nirudie?"

 

Jumapili mchana vijiti saba. Jumatatu kumi na vinne. Jumanne ishirini na kimoja, na Redio ndiye aliyevihesabu, juu ya kreti, akitangaza kila kimoja hadi wapita njia wakasimama. Ufa haukufunguka. Bibi alilala mchana kidogo, akaamka, akautazama tena.

Jumatano saa mbili moto uliwashwa, kuni kavu tupu, zimepasuliwa ukubwa wa kifundo cha mkono. Moshi ulipanda juu ya paa, mwembamba, karibu usionekane. Wali ukaiva saa tano na nusu. Maharagwe yalikuwa na mawazo mengine. Saa sita kasoro dakika ishirini yalikuwa bado yanagonga kijiko, na Baba Pacha alikuwa amekuja mara tatu kuuliza, huku mkokoteni wa kukodi ukisubiri nje.

Mama Pacha akatazama saa. Akatazama rundo la kuni. Akachukua gogo moja nene, akainama.

"Usiliguse," alisema Bibi.

Mama Pacha akasimama hivyohivyo, ameinama, gogo mkononi. Dakika zilikuwa zinakwenda. Kochi lilikuwa limekwisha kuuzwa. Jibu fupi lilimjia hadi kwenye meno.

"Haya, uliza," alisema Bibi. "Uliza kwa nini."

"Kwa nini, Mama?"

Bibi akavuta kigoda, akakaa. Akaanza mwanzo kabisa, kwenye udongo. Alieleza maji yanavyokaa tumboni mwake, na chungu kibichi, na mgeni anayesinyaa. Alieleza kwamba gogo nene likitiwa kwenye moto uliotulia linaanza kwa kuuzima, linatoa moshi, linalisha bomba masizi, na masizi siku moja yatawaka huko juu. Alieleza kidirisha cha hewa, kinavyofunguliwa unene wa kidole na kwa nini si viwili. Mkwewe aliyajua yote hayo, mengine aliyasema yeye mwenyewe Ijumaa, ameegemea ukuta. Alisikiliza neno kwa neno. Kila alipotaka kutazama saa, Bibi alinyamaza mpaka amtazame yeye.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Basi rudisha hilo gogo, chukua mwiko, uonje."

Mama Pacha akaonja. Maharagwe yalikuwa yameiva.